Kabla Uchukue Simu ya Mkopo, Uliza Kwanza Bei ya Betri

Wasee, leo naandika kitu ambacho hakitaniletea dili la kutangaza simu. Wengi wetu tunaolia "simu yangu imezeeka" hatuhitaji simu mpya. Tunahitaji betri. Na kwa kijana ambaye pesa yake inaingia leo na kesho inakosa, kukosea hapo kunaweza kukufungia nje ya kazi yako mwenyewe.

Nimesema kazi, na namaanisha kazi. Mimi niko Kithimani, kwa hii barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, kabla ufike Matuu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikarudi huku, na tangu hapo ofisi yangu ni simu. Ndiyo kamera, ndiyo meza ya kuhariri video, ndiyo maikrofoni, ndiyo benki, ndiyo daftari la mawazo ya saa nane usiku. Na si mimi pekee. Mtu wa boda pale steji anaitwa na wateja kwa simu. Mama mboga analipwa kwa simu. Msichana anayesuka nywele anaonyesha kazi yake kwa status. Fundi wa mageti anatumiwa picha ya muundo kutoka Nairobi, anakata chuma kesho yake. Ukitoa simu mkononi mwa hawa watu, hujatoa starehe, umetoa jembe.

Shida yangu na simu za kulipa mdogo mdogo iko hapo tu. Sina noma na mkopo wenyewe. Noma yangu ni mkopo unaofunga jembe.

Tulifikaje hapa

Tuwe fair. Hii biashara haikuanza kama ujanja. M-Kopa walianza kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku mwaka 2012. Nyumba ambayo haingeweza kutoa maelfu mara moja ikaanza kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, watoto wakaacha kusoma na koroboi. Ukikosa kulipa, taa inazima. Ukilipa, inawaka. Baadaye wazo hilo hilo likahamia kwa simu. Mwaka 2020 Safaricom wakishirikiana na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, na watu wengi waliokuwa na kabambe wakashika simu ya intaneti kwa mara ya kwanza kwa shilingi 20 kwa siku.

Mtu akitoka kwa kabambe kwenda kwa simu ya intaneti, maisha yanabadilika. Sitasimama hapa na simu yangu nimwambie mwenye kabambe asikope. Huyo namwelewa kabisa.

Mimi naongea na wewe mwenye simu inayofanya kazi. Simu ambayo ina miaka mitatu, kamera iko sawa, kioo kina ufa mdogo kwa kona, lakini inakula chaji na inajivuta. Umeona jamaa wenu ametoka mjini na simu mpya inang'aa, ukaambiwa ni deposit kidogo tu na bei ya chapo mbili tatu kila siku. Wewe ndiye nataka tuongee.

Hesabu ambayo duka halikuandikii ukutani

Tuchukue mfano, na huu ni mfano wangu, si bei ya kampuni yoyote. Simu ni 15,000 ukilipa cash. Kwa mkopo unaweka deposit ya 3,000, halafu 55 kila siku kwa mwaka mmoja. Hamsini na tano ni nini? Ni ndogo hata kuiwaza. Lakini 55 mara siku 365 ni 20,075. Ongeza ile deposit, unafika 23,075. Yaani umelipa 8,075 zaidi ya bei ya simu.

Hiyo elfu nane, kwa mtu anayetengeneza video, ni betri mpya, mike ya kubana kwa kola, tripodi, na chenji inabaki ya bando. Hivyo vitu vingebadilisha kazi yako kuliko kamera mpya. Mtu anaweza kuvumilia picha isiyo safi sana, lakini sauti ikiwa ya upepo na pikipiki anapita video yako kabla hujamaliza salamu. Na wengi wanaokutazama wako kwa simu kama yako, kwa bando la kuhesabu, hawataona kama ulirekodi kwa kamera ya megapikseli 50 au 13. Mwanga wa dirisha saa tatu asubuhi haulipishwi deposit.

Sasa ongeza hali ya pesa yetu. Mshahara wa mwezi unajua tarehe yake. Pesa ya kijana wa hapa haijui. Wiki hii nimepata kazi ya kurekodi harusi, wiki ijayo hakuna kitu. Mtu wa boda mvua ikinyesha siku mbili, amekaa. Deni la kila siku halijui mvua. Na simu ikifungwa, hupati simu za wateja, huwezi kutuma ile video uliyomaliza, huwezi kuonyesha kazi yako. Umefungiwa kitu pekee ambacho kingekusaidia kupata pesa ya kufungua.

Nimeiona hapa steji. Jamaa mmoja wa boda simu yake ilifungwa Jumamosi, siku ambayo biashara iko juu. Mteja wake wa kila wiki, wa kubeba nyanya kwenda soko la Matuu, akampigia, hampati, akachukua mwingine. Jumatatu jamaa alilipa na simu ikafunguka. Mteja hakurudi.

Kufungwa ni nini hasa

Hii sehemu ni ya wale tunapenda kujua vitu vinafanya kazi vipi. Simu ya mkopo huja na programu ya kufunga iliyowekwa ndani ya mfumo kabisa, chini ya zile programu unazoweza kufuta. Ndiyo maana hata ukirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kufuli linarudi. Muda wa malipo ukipita, programu inafunika skrini. Kwa kawaida unaachiwa njia ya kulipa na simu za dharura, basi. Picha zako, video ambayo ulikuwa umefika nusu, namba za wateja, vyote viko ndani na wewe uko nje.

Na kabla mtu aseme kuna fundi anaweza "kuflash" iishe, acha. Unavunja mkataba uliosaini, unapoteza garanti, na hujui huyo jamaa ameweka programu gani ndani ya simu yenye M-Pesa yako.

Kuna kitu kingine ambacho kilinifikirisha. Kenya ina Sheria ya Hire Purchase, Sura ya 507, ya kitambo sana. Kwa mikataba iliyo chini ya sheria hiyo, ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja tu kuchukua kitu chake. Lazima aende kortini. Wazee walioitunga walielewa kwamba mtu aliyelipa sehemu kubwa ana haki yake kwa hicho kitu, na kwamba mwenye nguvu asiachwe aamue peke yake. Mimi si wakili, na sisemi mkataba wa simu yako uko chini ya sheria hiyo. Lakini hebu ona tofauti. Kwa makochi au mashine, mtu angetakiwa aje mbele ya hakimu, na korti iko hapa hapa Kithimani. Kwa simu, hakuna haja ya kuja. Umelipa siku 300, umekosa mbili, kufuli linajifunga lenyewe mfukoni mwako usiku ukiwa umelala. Hakuna wa kumweleza kwamba mtoto alikuwa mgonjwa.

Hii ndiyo sheria ningependa vijana tuulizie: kama kanuni ya theluthi mbili ilifaa makochi, mbona isifae simu?

Kwa nini simu yako inajivuta

Turudi kwa hiyo simu yako ya zamani. Betri ya lithiamu inazeeka kwa vitu viwili vikubwa: mizunguko ya chaji na joto. Kila ukiijaza na kuimaliza, uwezo wake unapungua kidogo. Betri nyingi za simu zikifika mizunguko mia tano hivi, zinabeba karibu asilimia 80 ya zile zilikuwa zinabeba zikiwa mpya. Ukichaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Ongeza jua la Yatta, simu imefungwa kwa usukani wa boda saa saba mchana, au iko chini ya mto inachajiwa huku unatazama mpira. Joto ndilo linaua.

Na betri iliyochoka haikai tu kwa chaji, inaweza kufanya simu nzima iwe polepole. Hii si hadithi ya kijiweni. Desemba 2017 Apple walikubali kwamba walikuwa wanapunguza mwendo wa baadhi ya iPhone zenye betri zilizozeeka, wakasema ni ili zisizime ghafla. Watu walikuwa wanaona simu imekufa, wananunua mpya, kumbe betri mpya ingerudisha mwendo. Kelele zikawa nyingi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Fikiria ni watu wangapi walinunua simu nzima kwa sababu ya betri.

Ulaya wamechukua hatua. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima ziwe na vipuri vinavyopatikana kwa miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5. Hiyo sheria ni yao, haimfikii fundi wetu wa hapa moja kwa moja. Lakini inaonyesha kwamba simu kudumu miaka saba si ndoto. Inawezekana, kama mtu analazimishwa.

Na sisi hapa Machakos tuna sababu ya kudai. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu, EADAK, kilifunguliwa Athi River, ndani ya kaunti yetu, na simu za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, ziliuzwa kwa 7,499 na 8,999. Mimi nilifurahia. Swali langu kwa kiwanda chochote kinachounganisha simu nchini ni moja: mkituuzia simu iliyounganishwa Kenya, tutapata pia betri yake na kioo chake hapa, baada ya miaka mitano? Simu ya hapa nyumbani ambayo kipuri chake hakipatikani bado ni simu ya kutupa.

Fanya hivi kwanza

Kabla hujaenda dukani, jaribu haya kwa mpangilio huu.

Anza na nafasi. Simu ikijaa hadi pomoni inajivuta, kwa sababu memori yake inahitaji nafasi wazi ya kuandikia. Ingia WhatsApp, zima ile kujishushia picha na video peke yake, halafu futa zile video za "asubuhi njema" kutoka kwa magrupu ya familia. Kazi yako ya maana hamisha kwa memori kadi au kwa Drive.

Pili, tundu la chaji. Huku kuna vumbi, na vumbi linaingia mfukoni. Simu nyingi zinazosemekana "haishiki chaji" zimejaa pamba na mchanga. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, toa taratibu. Usitumie sindano.

Tatu, betri. Ikishuka kutoka 30 hadi kuzima ghafla, au mgongo wa simu umeanza kuinuka, hiyo betri imeisha. Iliyovimba usiitoboe, usiibonyeze, usiichome na takataka, inaweza kushika moto. Acha kuichaji, peleka kwa fundi. Mwambie fundi akuonyeshe betri mpya kabla afungue, na ukae hapo hapo ukitazama. Kabla umpe simu, hifadhi vitu vyako, toa laini, na pin ya M-Pesa usimwambie mtu yeyote, hata akisema ni ya kutest.

Fundi mzuri muulize maswali. Wengi wao hawajaenda chuo kama ambavyo mimi sikumaliza, lakini watakueleza simu yako kuliko tangazo lolote. Kama hana kipuri, atakiagiza Luthuli Avenue, Nairobi. Mimi napenda kukaa pale kwa kibanda nikitazama mtu akifungua simu kwa hita na pluku ya gitaa. Hobi yangu ya teknolojia ilikuja kuwa kitu cha maana hapo, siku nilianza kuuliza "hii ni ya kufanya nini?" badala ya "hii ni bei gani?"

Watu wa huku tunaelewa matunzo kuliko tunavyojipa sifa. Mfereji wa Yatta ulichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau, na mpaka leo kuna mashamba yanayokunywa maji yake. Ukijaa matope, matope yanatolewa. Hakuna mtu huamka aseme mfereji umezeeka, tukope mwingine.

Na kama simu imekufa kweli?

Inatokea. Kama haipati tena masasisho ya usalama na programu ya benki imeikataa, au bodi imeungua, wakati umefika. Hapo kuna njia.

Ya kwanza ni chama. Vijana kumi, 300 kila wiki, mmoja anapokea 3,000 kila wiki. Zamu yako ukiiunganisha na akiba kidogo, unanunua simu ya kawaida cash na hakuna mtu anaweza kuifunga.

Ya pili ni simu iliyotumika. Piga *#06#, namba ya IMEI itakayotokea ilingane na ile ya kwenye risiti au boksi. Mwambie muuzaji airudishe kama ilivyotoka kiwandani mbele yako, kisha muiwashe na intaneti. Kama iko na deni la mtu au ni ya wizi, mara nyingi itajionyesha hapo. Akikataa, enda zako.

Ya tatu ni mkopo, kama hakuna jinsi. Lakini uliza maswali manne kabla ya kusaini, na utake majibu kwa maandishi. Jumla nitalipa ngapi? Nikikosa siku moja, inafungwa saa ngapi? Ikifungwa, nini kinabaki kinafanya kazi? Nikimaliza, kufuli linatolewa na nani, na nitajuaje limetoka? Muuzaji ambaye hawezi kujibu la kwanza hana haki ya kukuuliza kitambulisho. Halafu lipa siku kadhaa mbele wakati pesa iko, na kazi yako iweke mahali pengine nje ya hiyo simu, kila jioni.

Najua haya maneno hayana mvuto kama video ya kufungua boksi. Hata mimi hizo video natazama. Lakini nimeona kitu kimoja kwa wale vijana wa hapa ambao kazi yao ya simu imeshika: wengi wana simu ya kawaida, yenye ufa, ambayo ni yao kabisa. Wanaijua. Wanajua betri ilibadilishwa lini na na nani. Wakikosa pesa siku tatu, simu inaendelea kuita.

Kwa hivyo wiki hii usiende dukani. Toa vumbi kwa tundu la chaji, futa hizo video, halafu pita kwa fundi uulize bei ya betri ya simu yako. Andika hiyo namba, na chini yake andika jumla ya ile simu ya mkopo. Ukishaziona zote mbili kwa karatasi moja, chagua vile utachagua.